Deni Hili Anadai Nani?

Kwenu mlioko shambani na redio imetundikwa kwenye mti, poleni na jua. Kwenu mlioko jikoni, msizime moto kwa ajili yangu.

Nimekuja studio asubuhi hii kwa basi lililotokea Kondoa. Nimelidaka pale Bonga barabarani, na kabla sijamaliza kuulizana hali na mama niliyeketi naye, Babati hiyo, Mlima Kwaraa unatutazama. Kijana aliyepata akili baada ya lami kuwekwa haoni cha kusimulia hapo. Sisi wengine tunakiona. Masika ikikolea, basi la Dodoma lilikuwa likilala njiani, Bereko au Kolo, abiria wanachemsha uji kando ya gurudumu huku utingo akitafuta mawe ya kutia kwenye tope. Na kila uchaguzi alikuja mtu na kipaza sauti akatamka neno moja, lami, tukapiga makofi. Uchaguzi uliofuata alikuja mwingine na neno lilelile, tukapiga makofi yaleyale. Mikono ya Bonga haichoki.

Halafu ikaja kweli. Kipande cha Mela mpaka hapa kwetu Bonga, kilometa 88.8, kikakamilika, na Aprili 2018 Rais Magufuli akaizindua barabara nzima ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, akiwa na rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, Akinwumi Adesina. Benki hiyo na Japani ndio waliokopesha. Kwa hiyo sisi wa Bonga hatuna ruhusa ya kusema wanasiasa hawatimizi ahadi kabisa. Ahadi iliyotimizwa tunaijua sura: ni nyeusi, ina mstari katikati, na mbuzi hupenda kulala juu yake jioni kwa sababu imehifadhi joto la mchana.

Ilitimizwaje? Fedha zilipatikana, sawa. Lakini nadhani pia ni kwa sababu tulikuwa wadai wasumbufu. Diwani alikuwa akiishi katikati yetu, akienda kisimani anaulizwa lami. Mbunge akija msibani, baada ya kumwaga udongo kaburini anaulizwa lami. Mkuu wa wilaya akija kuzindua choo cha shule anaulizwa lami. Mdai alikuwepo, ana jina, ana kura, ana mdomo, na haoni aibu.

Sasa nataka kuzungumzia ahadi nyingine ya mwaka huohuo wa 2018, ambayo haikupita barabara hii. Wenye redio wamenisihi nichunge ulimi, nami nitauchunga. Wao wana leseni na mimi nina wajukuu. Ni ahadi inayowahusu watu wanaopenda watu wa jinsia yao, pamoja na wale ambao cheti kimewaandika mwanamume na nafsi zao zinasema mwanamke, au kinyume chake. Najua kuna mkono unaokwenda kwenye kitufe cha redio sasa hivi. Ngoja kidogo, baba. Sitakuomba ubadili dini yako, na msikiti wako au kanisa lako naliacha lilipo. Nina swali la mahesabu. Tumezoea kusema ahadi ni deni. Haya. Deni hili anadai nani?

Tuanze na lililotokea. Mwishoni mwa Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwaita waandishi wa habari akatangaza kamati ya watu 17 ya kuwasaka mashoga jijini. Aliwaomba wananchi wamtumie majina kwa simu. Baada ya siku chache akasema amepokea ujumbe 5,763, na ndani yake majina zaidi ya 100. Fikirieni hesabu hiyo kwa utulivu, wasikilizaji. Ujumbe elfu tano na ushee, majina mia na ushee. Nilifundisha hesabu za darasa la sita kwa miaka mingi, na hesabu hii ya kugawanya inanitisha kuliko zote nilizowahi kuandika ubaoni.

Nje ya nchi pakachafuka. Tarehe 4 Novemba, siku ya Jumapili, Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa tamko: yale yalikuwa mawazo ya Makonda mwenyewe, si msimamo wa serikali, na Tanzania itaendelea kuheshimu mikataba ya haki za binadamu iliyoisaini. Hiyo ndiyo ahadi. Na usiku wa kuamkia Jumapili hiyohiyo, kule Pongwe, Unguja, polisi walikuwa wamevamia sherehe ufukweni na kuwakamata wanaume 10, kama lilivyoeleza shirika la Amnesty International. Tamko na pingu vilipishana njiani, kama basi la kwenda na basi la kurudi.

Denmark ikazuia kroner milioni 65 za msaada. Umoja wa Ulaya ukasema unatazama upya uhusiano wake nasi. Benki ya Dunia ikaweka kando mkopo wa elimu wa dola milioni 300, na hapa kulikuwa na jambo la pili: amri ya kuwafukuza shule moja kwa moja wasichana waliopata mimba. Katikati ya Novemba makamu wa rais wa Benki hiyo kwa Afrika, Hafez Ghanem, akaja kuonana na Rais Magufuli. Walipomaliza, Benki ikatangaza kwamba imehakikishiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba serikali haitafuata hatua za kuwasumbua wala kuwakamata watu kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. La pili, kwamba itatafutwa njia ya wasichana wale kuendelea na masomo.

Ahadi mbili zilizozaliwa siku moja, kikao kimoja, mkunga mmoja. Nimekuwa nikizifuatilia kama mtu anayefuatilia mapacha aliowafundisha.

Huyu pacha wa pili, wa wasichana, alikuwa na ndugu wengi. Kila kijiji cha nchi hii, Bonga ikiwemo, kina mama ambaye binti yake alirudishwa nyumbani na daftari zake ndani ya mfuko wa rambo. Mama hao walisema kanisani, walisema kwenye vikoba, walisema mbele ya waratibu elimu. Mashirika yakaandika. Januari 2020 Zitto Kabwe, mbunge wakati huo, akaiandikia Benki ya Dunia kuisihi isitoe fedha kwanza, akatukanwa bungeni mpaka akatishiwa maisha. Mwisho wa Machi 2020 Benki ikapitisha mkopo, sasa umekuwa dola milioni 500, na amri bado ipo. Ungedhani deni limekufa. Halikufa, kwa sababu wadai hawakuwa Benki peke yake. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wasichana watarudi darasani. Ilichelewa, wapo waliokwisha kuolewa, wapo waliokwisha kusahau kugawanya. Lakini ilitimizwa.

Na pacha wa kwanza? Niambieni ninyi. Mkopo ulipopitishwa, aliyekuwa ameahidiwa alipata alichotaka kupata, yaani sababu ya kukopesha. Ahadi ilitolewa kwa Benki, Benki ikaridhika, daftari likafungwa. Wale waliokuwa wanazungumziwa hawakuwamo chumbani. Hakuna aliyewaambia wao, kwa Kiswahili, kwenye redio kama hii, kwamba hamtasumbuliwa. Waliahidiwa wageni juu yao. Ni sawa na mimi nimkope jirani debe la mahindi, halafu niende kwa mwenye duka la pembejeo nimwahidi kwamba nitamlipa jirani. Mwenye duka akisahau, jirani atadai kwa hati gani?

Mnielewe, sisemi kwamba mabalozi walikosea kusema. Nyumba ikiungua, anayepiga kelele haulizwi kabila. Ila kelele za mgeni zina gharama yake. Zinamfanya yule kijana wa Mbagala, au wa hapa Babati, aonekane mali ya wageni. Serikali ikisalimu amri kwa sababu ya mkopo, wananchi wanajifunza kwamba haki hii ni bei ya fedha, na atakayeidai kesho ataulizwa analipwa na nani.

Msikilizaji mmoja atasema: lakini Mwalimu, kama ni haki yao kwa nini hawakudai wenyewe? Swali zuri, lina jibu, na jibu lina tarehe.

Februari 2017 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kufungwa kwa vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma za UKIMWI kwa makundi maalumu, akidai vinahamasisha ushoga. Miezi saba kabla yake, Julai 2016, serikali ilikuwa imepiga marufuku vilainishi vilivyokuwa vikigawiwa pamoja na kondomu. Vituo vilipofungwa ikatolewa ahadi nyingine: huduma zitapatikana katika hospitali na zahanati za serikali, bila mtu kubaguliwa. Ahadi hii nayo iwekeni kwenye daftari. Februari 2020 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti ya watu waliokwenda kuitafuta huduma hiyo wakakutana na matusi, au wakaambiwa walete mke ndipo watibiwe.

Sasa, Oktoba 2017 kundi la watu walikutana katika hoteli moja Dar es Salaam: mawakili wa shirika la ISLA kutoka Afrika Kusini na Watanzania wa shirika la CHESA. Walikutana kufanya nini? Kupanga kesi. Walitaka kwenda mahakamani kuuliza kama ni halali serikali kufunga zile huduma. Huko ndiko kudai kwenyewe, wasikilizaji. Ndiko kudai kwa adabu kuliko kote, kwa karatasi, mbele ya hakimu. Polisi wakaingia wakawakamata watu 13. Wageni wakafukuzwa nchini. Baadaye CHESA ikafutiwa usajili. Mdai alikwenda na hati mkononi, akakamatwa kwenye ngazi za duka.

Ndiyo maana ninaposikia mtu anauliza mbona hawadai, namkumbuka mwanafunzi niliyemfinya mdomo kisha nikamuuliza mbona hujibu. Nililifanya hilo mwaka wangu wa kwanza wa ualimu. Simsahau.

Fundi mitambo ananionyesha vidole. Sijui ni dakika au ni salamu. Tuendelee.

Kuna aina ya ahadi ambayo hatuizungumzii kwa jina lake: kitisho. Kitisho ni ahadi. Mtu anaahidi ubaya. Mwaka uleule wa 2017, Naibu Waziri wa Afya, Hamisi Kigwangalla, alisema atachapisha hadharani majina ya mashoga. Baadaye akaghairi. Na ile kamati ya Makonda, baada ya tamko la Mambo ya Nje, haikuwa ile tuliyotangaziwa. Kwa hesabu ya kawaida hizi ni ahadi ambazo hazikutimizwa. Lakini angalia tofauti. Ukiniahidi lami usiilete, sina lami, sina kitu, nabaki na vumbi langu. Ukiniahidi kunichomea nyumba usiichome, mimi nimekwisha kuhama. Ahadi ya haki isipotimizwa haijaanza kazi. Ahadi ya adhabu isipotimizwa imekwisha kumaliza kazi.

Na mwanasiasa analijua hilo. Anatoa ahadi mbili, moja kwa kila mlango. Mlango wa mbele anawaambia umati: nitawashughulikia. Mlango wa nyuma anawaambia wakopeshaji: hatutawagusa. Akienda kulala hajatimiza hata moja, na zote mbili zimemlipa. Makonda mwenyewe, Januari 2020 Marekani ilimpiga marufuku kuingia nchini mwao kwa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Machi 2024 tukasikia ameteuliwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha, hapa jirani, mkoa uliotuzaa kabla Manyara haijakatwa mwaka 2002. Pale kijiweni kwetu walishangilia kwamba sasa kero zitatatuliwa. Hakuna aliyekumbuka zile 5,763. Labda kwa sababu hakuna anayejua ni nani kati yetu alituma.

Sheria yenyewe iko wapi katika haya? Iko palepale. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu tulikirithi kwa Mwingereza. Maneno yake ni ndugu wa maneno ya Kenya, na yaliyokuwa ya India. Bunge letu lilipotunga SOSPA mwaka 1998, sheria iliyotusaidia sana kwa wabakaji na ambayo nitaitetea popote, likaongeza pia adhabu hapa: kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha, kwa watu wazima wawili waliokubaliana. Miaka 30 ndiyo pia kiwango cha chini kwa jambazi wa kutumia silaha. Nimewahi kukaa mezani na wanaume wanaoona mlingano huo ni sawa kabisa, na ni wanaume wema, wanalima, wanasomesha. Niliwauliza swali moja tu, nani kati yao aliwahi kuporwa na shoga. Wakacheka, tukaagiza chai nyingine.

Neno lenyewe, shoga, limepata safari ya ajabu. Pwani, na mpaka leo kwa bibi zetu wa Tanga na Unguja, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke mwenzake: shoga yangu, njoo tule. Neno la kuitana limekuwa neno la kurushiana mawe.

Jirani zetu nao wana madaftari yao. Uganda, Januari 2014, Askofu Mkuu Desmond Tutu alizungumza na Rais Museveni, na kwa maelezo ya Tutu mwenyewe, Rais alimpa neno lake kwamba hatauruhusu muswada dhidi ya ushoga uwe sheria. Tarehe 24 Februari 2014 akausaini, mbele ya kamera. Mahakama ya Katiba ikaufuta Agosti mwaka huo kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia. Mei 2023 akasaini mwingine mkali zaidi, wenye adhabu ya kifo ndani yake kwa baadhi ya makosa. Naye Tutu, mtu aliyekabiliana na makaburu, ndiye aliyekuwa mdai. Angalia tena: mdai ni mgeni, ni mwenye heshima, na wale anaodai kwa niaba yao wako Kampala wanasubiri gazeti.

Malawi ilikuwa na habari ya kusikitisha zaidi kwangu, kwa sababu huyu mama nilimwamini. Joyce Banda aliingia madarakani Aprili 2012, na Mei akasimama bungeni kwa hotuba yake ya kwanza ya hali ya nchi akasema sheria hizo zifutwe. Nilikuwa nasikiliza redio, nikaongeza sauti. Kufika Septemba, akiwa New York, alikuwa amekwisha kusema kwamba Wamalawi huenda hawako tayari, wabunge warudi kwanza majimboni wakaulize. Warudi majimboni! Sisi tuliokaa majimboni tunajua maana ya sentensi hiyo. Mbunge hakuwahi kurudi kutuuliza juu ya mbaazi, bei ilipoanguka mwaka 2017 baada ya India kubana uagizaji, tukabaki na magunia ndani mpaka panya wakapata vitambi. Leo ghafla maoni yetu yanahitajika.

Botswana walikwenda njia nyingine. Mahakama Kuu yao ilifuta kosa la mapenzi ya jinsia moja Juni 2019, serikali ikakata rufaa, ikashindwa Novemba 2021. Rais Masisi akawakaribisha ofisini watu wa LEGABIBO, shirika la wenyewe wenye jambo, akawaahidi kwamba uamuzi utaheshimiwa. Muswada wa kulifuta kosa hilo kwenye vitabu ukaja 2023, makanisa yakaandamana, Bunge likapunga upepo. Pamoja na hayo yote, hapo kuna kitu cha tofauti ambacho sitaki kipite. Ahadi ilitolewa kwa wenyewe, ana kwa ana, wakiwa wameketi kwenye viti. Ikivunjwa, wana pa kurudi kubisha hodi.

Na Kenya? Huko Rais Uhuru Kenyatta alimwambia Obama mbele ya dunia, Julai 2015, kwamba jambo hili kwa Wakenya si hoja, na Rais Ruto naye hakuahidi kitu zaidi ya kusema mila na dini haziruhusu. Wanasiasa hawakuahidi. Lakini wadai walijitokeza. Audrey Mbugua, aliyezaliwa akaandikwa mvulana na anayeishi kama mwanamke, alidai cheti chake cha kidato cha nne kiandikwe upya. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaliamuru Baraza la Mitihani libadilishe jina na kuondoa alama ya jinsia. Mimi ni mwalimu, najua cheti ni nini. Mtu akikataliwa kazi kwa sababu jina la kwenye cheti na sura iliyo mlangoni havipatani, amefutiwa miaka 12 ya shule. Na Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ikasema wanaharakati wa huko wana haki ya kusajili shirika lao. Kesi ilianza miaka kumi kabla. Kumi, kwa ajili ya jina kwenye daftari la msajili! Wabunge walipiga kelele wiki nzima. Deni likaandikwa hata hivyo, na mdai ana risiti.

Mimi nilikariri ahadi za mwanachama wa TANU nikiwa kijana, zile ambazo CCM ilizirithi. Ya kwanza inahusu undugu wa binadamu wote. Sikumbuki kuona orodha ya waliotolewa. Wala sijui kama waliotusimamia kuikariri waliwahi kuifikiria kwa upana huo, pengine hapana. Lakini tulinyoosha mkono.

Kuna kijana mmoja, simtaji, alipita darasani kwangu zamani. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa kwangu. Jumapili ile ya tarehe 4 Novemba alinipigia usiku.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi?"

Alikuwa amehama chumba chake, amejibanza kwa rafiki, kazini haendi. Nilikuwa nimesikia tamko kwenye taarifa ya habari ya saa mbili, nikafurahi kama mjinga. Nikamwambia: mwanangu, serikali imesema si msimamo wake, rudi kwako ukalale. Akanyamaza kidogo.

"Mwalimu," akasema, "lile wamewaandikia mabalozi. Mwenye nyumba wangu yeye alimsikia Makonda."

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza kama amekula.

Mwaka jana alikuja Bonga kumzika mama yake mdogo. Alikaa nyuma ya mkutano, akatupa udongo wake, akawasalimia wazee mmoja mmoja kwa mikono miwili. Wengine walimpokea, wengine waliitazama mikono. Zamani mgeni wa msiba alikuwa analala siku tatu kwa lazima, atake asitake, kwa kuwa basi halikuwepo, na katika siku tatu watu huzungumza, hugombana, hupatana, mtu anajulikana tena. Safari hii tulimaliza kuzika saa tisa, na saa kumi na moja yeye alikuwa amesimama kando ya lami na debe la mbaazi alilofungiwa na shangazi yake. Basi halikukawia hata dakika kumi.

"Barabara nzuri, Mwalimu," akaniambia, akapanda.